MJADALA: Anayetusemea wagonjwa awe chini ya wanaotutibu, au asimame peke yake?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana linagusa uhai wa watu. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inakusudia kuifuta Healthwatch, chombo kilichoanza kazi Aprili 2013 huko England. Kazi zake kubwa ni mbili: kumwelekeza mwananchi wapi apate huduma ya afya au ya ustawi wa jamii, na kukusanya anayoyasema kuhusu huduma hizo ili yawafikie wenye maamuzi. Kina ofisi za maeneo zaidi ya 150. Watu wake wanaruhusiwa kisheria kuingia hospitalini au kwenye makazi ya wazee, kutazama, kuzungumza na waliomo, kisha kuandika ripoti ambayo mwenye huduma anatakiwa kuijibu.

Mpango mpya unataka kazi za ofisi hizo zigawanywe kati ya bodi zinazopanga na kulipia matibabu na halmashauri, na kazi za makao makuu zihamie wizarani. Wanaoutetea wanasema vyombo vimekuwa vingi mno na vinaingiliana, mapendekezo yamerundikana bila mtekelezaji, hivyo ni afadhali mtoa huduma amsikilize mgonjwa wake mwenyewe, moja kwa moja.

Sheria ni yao, lakini swali ni la kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la mapokezi akisubiri kuitwa. Anayepokea malalamiko yetu awe mtumishi wa huyohuyo tunayemlalamikia?

Msimamo wangu ni hapana, na sababu ni hii. Mgonjwa hana uhuru alionao mteja wa duka, ambaye akiudhika anahamia duka la jirani. Mwenye kisukari, mwenye kifafa, mjamzito wa miezi minane, wote wanajua kesho watarudi kwa daktari yuleyule na muuguzi yuleyule. Tazameni sanduku la maoni: lipo ukutani karibu na dirisha la dawa, kufuli limeshika kutu, na ufunguo anao mganga mfawidhi. Mwenye shida na mganga mfawidhi aandike nini, na kwa mwandiko gani asitambulike? Ananyamaza. Halafu mwisho wa mwaka ripoti inasema malalamiko yamepungua.

Jambo jingine ni hili la kuvunja na kuunda upya. England walikuwa na mabaraza ya afya ya jamii tangu 1974, yakafutwa 2003. Yakaja majukwaa ya wagonjwa, nayo 2008 yakapisha mitandao ya wananchi, na 2013 ndipo Healthwatch ikashika nafasi. Kila chombo kinapovunjwa, kinaondoka na watu waliokuwa wanajua simu ya nani inapokelewa na mlango wa nani unafunguka. Wales, sehemu nyingine ya Uingereza, hawakufuata njia hiyo. Mabaraza yao yaliendelea hadi 2023, yakarithiwa na chombo kiitwacho Llais, ambacho nacho kipo nje ya mamlaka ya hospitali.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, muuguzi wa wodi

Mleta mada, hoja nimeielewa ila naomba na sisi wa upande wa pili wa dirisha tusikilizwe.

Usiku tunaingia zamu wawili kwa wodi nzima. Mmoja akienda kupokea mgonjwa wa dharura, aliyebaki anabadilisha dripu huku, anaitwa kule, na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha mwisho anapiga kelele kwamba tumemdharau mzee wake. Amani ya moyo inatoka wapi? Asubuhi anakuja mtu na fomu yake, hajalala wodini hata usiku mmoja, anawauliza wagonjwa kama wauguzi wana lugha nzuri. Jibu anajua kabla hajauliza. Ripoti inateremka, tunaitwa ofisini, tunaandikishwa barua za kujieleza. Ripoti hiyohiyo haifiki mezani kwa anayeidhinisha ajira.

Fedha za kuendesha ofisi hizo zingeleta wauguzi. Niko na serikali ya Uingereza katika hili, kwa moyo wangu wote. Nipeni watu wa kutosha kwenye zamu na nitamsikiliza mgonjwa mwenyewe.

Mchangiaji, mtafiti wa sera za afya

Nami nina wasiwasi na mada, ingawa si kwa sababu za dada muuguzi.

Kitu kuitwa huru hakukifanyi kiwe na macho. Hospitali ya Stafford huko England, kati ya 2005 na 2009, wagonjwa waliachwa kwenye mashuka machafu, wengine maji ya kunywa yakiwa mahali wasipoweza kuyafikia. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasheria Robert Francis ilitoa ripoti yake Februari 2013 ikiwa na mapendekezo 290. Kipindi chote hicho vyombo vya kuwasemea wagonjwa vilikuwepo kwa mujibu wa sheria! Tume iliona kwamba vilikuwa vimezama kwenye magomvi ya ndani. Waliopigania hospitali ichunguzwe ni ndugu wa marehemu, watu wa kawaida waliojikusanya wenyewe.

Kuna na utafiti wa Uganda uliochapishwa 2009. Katika vituo 50 vya afya, nusu yake wananchi walipewa taarifa za utendaji wa kituo chao, wakakaa na watumishi, wakakubaliana nini kirekebishwe na wakafuatilia wenyewe. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33 ukilinganisha na vituo ambavyo havikufanya hivyo. Dunia nzima ikaushangilia. Baadaye watafiti wengine wakajaribu mbinu ya namna hiyo nchini humohumo, kwa vituo zaidi ya 370, na safari hiyo vifo havikuonekana kupungua. Kwa hiyo tusimwahidi mwananchi kwamba akisema tu, mtoto wake atapona.

Mchangiaji, mzazi

Naona mnabishana kuhusu kusema. Mimi shida yangu ya kwanza ilikuwa kujua pa kwenda.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Dirisha la kwanza waliniambia niende la rufaa. La rufaa wakasema barua haina muhuri, nirudi nilikotoka. Nilikotoka mwenye muhuri yuko kikaoni. Mtoto yuko mgongoni, anazidi kuwa mzito kila mwezi, na shingo yake haijakaza. Wakati huo hakuna aliyekuwa amenitamkia kwamba kuna mazoezi tiba kwa watoto kama yeye. Nilikuja kuambiwa na mama mwenzangu tuliyekutana kwenye foleni, akanielekeza siku, chumba, hadi jina la karatasi ya kuomba. Alinifanyia kazi ambayo mtu angepaswa kulipwa kuifanya.

Na mnaosema hospitali ituelekeze yenyewe: hospitali itanielekeza kwenye huduma zake. Chama cha wazazi hainiambii. Shule inayopokea watoto wenye ulemavu hainiambii. Haki yangu ya kudai kiti mwendo ndiyo kabisa.

Mchangiaji, kiziwi

Naongeza fupi. Mapokezi wanaita majina kwa mdomo. Jina langu likiitwa mara tatu nisiitike, faili linawekwa chini ya mengine. Mikutano ya kutoa maoni nayo haina mkalimani wa lugha ya alama. Wanaosikilizwa ni wale waliokwisha kuwa na nafasi ya kusikilizwa. Yeyote mtakayempa kazi hii, ndani au nje ya serikali, aje na mkalimani, la sivyo mimi simo kwenye mjadala wenu.

Mleta mada

Asanteni. Mzazi, post yako imenifikirisha kuliko zote, na nitaanzia hapo.

Serikali ya Uingereza inataka kuwakabidhi wanaosemwa kazi mbili, kuelekeza na kusikiliza, ambazo kwangu ni kazi moja. Anayeuliza "niende wapi?" anakuwa tayari ametoa taarifa. Wazazi kumi wakiuliza swali la muhuri mwezi huohuo, kinachoonekana ni kwamba utaratibu wa muhuri umevunjika, na hakuna aliyelazimika kulalamika wala kujitambulisha ndipo ijulikane. Mwelekezaji akiwa mtu wa nje anaandika hilo na kulipeleka juu. Akiwa mtumishi wa dirisha lilelile, atamsaidia mmoja mmoja kwa huruma, na utaratibu utabaki vilevile, kwa kuwa kuusema ni kumsema bosi wake. Watu wengi hawatajaza fomu ya malalamiko hata siku moja maishani, ila wote wanauliza njia. Hao wanyamavu ndio ninaowapigania. Daktari Julian Tudor Hart aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya afya huelekea kuwa haba palepale inapohitajika zaidi, na naamini ni hivyohivyo kwa nafasi ya kusema. Ndugu yetu kiziwi amelithibitisha kwa mistari michache.

Dada muuguzi, uchungu wako ni halali na sitaupunguza. Lakini angalia ulichokieleza: ripoti inayoishia kwa msimamizi wa wodi na kukugeukia wewe. Ripoti ya namna hiyo huandikwa na mtu anayeogopa kumtaja anayegawa fedha. Mtu wa nje mwenye haki ya kuingia usiku angewakuta wawili kwa wodi nzima na angeandika hivyo, kwa jina la hospitali na tarehe. Wewe ukiyasema hayo hadharani unaweza kupoteza kazi. Yeye hapotezi.

Mtafiti, Stafford naikubali kama ulivyoieleza, ila sikubaliani na unakotupeleka. Ndugu wa wale marehemu nao walikuwa nje ya hospitali. Hakuna aliyewalipa mshahara wala aliyeweza kuwahamisha kituo. Kilichokosekana kwa vyombo rasmi ni nguvu na mpangilio, na dawa yake ni kuvipa hivyo vitu viwili. Brazil walifanya hivyo. Sheria yao ya 1990 inataka kila manispaa iwe na baraza la afya ambalo nusu ya viti ni vya watumiaji wa huduma, nusu nyingine wanagawana wafanyakazi wa afya, serikali na watoa huduma. Manispaa isiyo na baraza haistahili kupokea fedha za afya kutoka serikali kuu. Meya anaweza kulichukia baraza lake, lakini analihitaji. Na wauguzi wana viti humo, dada yangu, kwa haki yao.

Kuhusu Uganda, tafiti zote mbili zilipima kumpa mwananchi taarifa na kumkutanisha na watumishi wa kituo chake. Mambo mengi yanayoua watoto hayako mikononi mwa mtumishi wa kituo: dawa zisizoletwa, ajira zisizotangazwa. Ukimbana mtu wa chini kwa jambo lililo juu yake, humsaidii yeyote. Ndiyo maana nasema sauti ipelekwe hadi kwenye bajeti.

Mchangiaji, muuguzi wa wodi

Kama wafanyakazi wanakaa ndani ya baraza na ripoti inamfuata mwenye fedha, hapo tunaweza kuzungumza. Nina sharti: mtu wa kukagua asiishie kuhoji wagonjwa. Atuhoji na sisi, faragha, na majina yetu yasitajwe. Na kuhusu fedha bado sijashawishika.

Mchangiaji, mtafiti wa sera za afya

Hapo kwenye fedha ndipo hoja ya mleta mada ina tundu. Ofisi za Healthwatch za maeneo hulipiwa kupitia halmashauri, na halmashauri hizohizo ndizo zinazosimamia huduma za ustawi kwa wazee na walemavu. Yaani hata hicho chombo unachokiita huru, kamba yake inashikwa na mmoja wa wanaokaguliwa. Bajeti ikibana, wa kwanza kupunguzwa atakuwa nani? Utasimamishaje mtu "peke yake" kwa mkate wa mwingine?

Mleta mada

Umegusa penyewe, na nakubali kwamba sheria ya England ilikosea hapo tangu mwanzo. Kama halmashauri inasaini hundi, ofisa wa Healthwatch atapima maneno yake kila anapoandika kuhusu makazi ya wazee ya halmashauri.

Ninachopendekeza ni fedha zipitishwe na bunge kwenye fungu lake, kama zinavyopitishwa za mkaguzi mkuu wa hesabu, kwa kipindi cha miaka kadhaa ili waziri aliyeudhika leo asiweze kukata kesho. Kiwango kiwe sehemu ndogo ya bajeti ya afya inayotajwa ndani ya sheria. Ripoti ijibiwe kwa maandishi ndani ya muda maalumu, na jibu libandikwe pale pale mapokezi wagonjwa walisome, au wasomewe, au waonyeshwe kwa alama. Wajumbe wasizidishe vipindi viwili, kuzuia magomvi kama yale ya Stafford. Simu ya kuuliza njia na daftari la malalamiko vikae kwenye ofisi moja.

Muuguzi, kuhusu gharama: huyo mzazi alizungushwa dirisha hadi dirisha, na kila dirisha lilikuwa na mtumishi anayelipwa aliyemrudisha bila kumhudumia. Hiyo nayo ni fedha ya zamu yako inayopotea.

Naomba wanaofuata tujikite kwenye hili la fungu la bunge. Mwenye nchi au mfano ambapo chombo cha namna hii kililipiwa na bunge moja kwa moja, kikadumu, auweke hapa. Na anayeona bunge nalo lina mkono wake kwenye hospitali, aseme fedha zitoke wapi.