Chaja ya haraka ya umma: tulipie uniti au dakika?

Mleta mada, Nyegezi

Ndugu zangu wa Mwanza, naileta hoja hii mapema, kabla bei hazijabandikwa tukaanza kulalamika kama kawaida yetu: chaja ya haraka ya umma kwa magari ya umeme imtoze mtu kwa uniti alizochukua, au kwa dakika alizokaa?

Mwaka jana nilikuwa Nairobi kwa binamu yangu, tukakaa saa nzima na ushee nyuma ya gari jeupe lililochomekwa kwenye chaja pekee ya eneo lile. Kioo cha chaja kilionyesha asilimia 97. Tulipokichungulia tena baada ya dakika 20 kilionyesha 99. Mwenye gari alikuwa ghorofani anakula nyama choma, na kwa kuwa bei ya pale ilikuwa ya uniti, kukaa kwake hakukumgharimu karibu chochote. Sisi ndio tuliolipa, kwa jua la saa saba.

Sababu ya asilimia kupanda polepole vile ni ya kiufundi. Betri huhifadhi mkondo mnyoofu (DC), kama ile ya sola, ilhali waya wa TANESCO huleta mkondo geu (AC). Ukichomeka kwenye soketi ya nyumbani unapata kama kilowati 3 tu, na kifaa kidogo kilichomo ndani ya gari ndicho kinachougeuza mkondo huo, kwa hiyo usiku kucha unakwisha. Chaja ya haraka ni kabati kubwa linaloifanya kazi hiyo nje ya gari na kuusukuma umeme moja kwa moja kwenye betri, kwa kilowati 50, 150, hata 350. Hata hivyo, betri ikishafika asilimia 80 hivi, gari lenyewe hubana mlango wa umeme ili seli za betri zisiumie, na asilimia 20 za mwisho huweza kula muda unaokaribia ule wa mwanzo wote.

Pendekezo langu: tulipe uniti mpaka asilimia 80, kisha tulipe dakika, tena ghali. Pale Mwaloni Kirumba, mtumbwi uliokwisha kushusha dagaa hauachwi gatini ati kwa sababu mwenyewe yuko kwenye chai.

Mchangiaji wa Buzuruga

Kaka, mimi nasema dakika tangu mwanzo, mambo yaishe. Kinachogombewa pale ni nafasi, umeme upo. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Maegesho ya mjini tunalipia muda na hakuna anayeuliza gari lina ukubwa gani.

Mleta mada, Nyegezi

Dada yangu, hapo nakupinga, na naomba tupige hesabu. Tuseme dakika moja ni shilingi 500. Nissan Leaf iliyotumika, inayotoka Japani, ikipokea kilowati 40 kwa nusu saa inapata uniti 20 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa nzima) kwa shilingi 15,000, yaani shilingi 750 kwa uniti. Gari jipya la bei mbaya linaloweza kupokea kilowati 120 linapata uniti 60 kwa shilingi zilezile, na uniti yake inakuwa shilingi 250. Kwa hiyo mwenye gari la mkononi atalipa mara tatu kwa umeme uleule, kwa kosa la kutokuwa na fedha. Isitoshe, betri ya Leaf hizo za zamani haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Ikitoka barabarani ikiwa moto hupokea umeme polepole zaidi, na wewe unataka hiyo nayo ilipiwe!

Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwisha kupita hapa. Tangu Aprili 2024, chaja mpya ya umma yenye kilowati 50 au zaidi inatakiwa kuuza kwa uniti, na mwenye kituo anaruhusiwa kuongeza tozo ya dakika ili watu wasiigeuze chaja kuwa maegesho.

Fundi umeme, Igoma

Niwakumbushe jambo ambalo madereva hamlioni. Uniti ya kawaida ya LUKU ni takribani shilingi 356 pamoja na kodi, lakini mteja mkubwa hulipia pia kilele cha matumizi yake ya mwezi, yaani kiwango cha juu kabisa alichowahi kuvuta kwa wakati mmoja, mbali na uniti. Gari moja likivuta kilowati 50 kwa nusu saa tu, kilele kimekwisha kuandikwa, hata kama siku 29 zilizobaki kabati linalala. Mwenye kituo atapata wapi fedha hizo kama gari lenye asilimia 97 limeikalia plagi? Msitegemee bei ya LUKU ya nyumbani. Kuhusu mgawanyo wa uniti na dakika, namuunga mkono mleta mada.

Dereva wa Musoma

Wazee wangu, hiyo asilimia 80 mmeikopa kwa watu ambao vituo vyao vimefuatana kama maduka ya soda. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Magu, Lamadi na Bunda. Leaf ya uniti 40, ikiwa mpya kabisa, inasifiwa kufika kilomita 270. Ikishazeeka, na betri imejazwa asilimia 80 tu, mimi nitalala Bunda. Zile asilimia 20 mnazoziita anasa ndizo zinazonifikisha nyumbani. Mnanitoza faini kwa kuwa nakaa mbali?

Mleta mada, Nyegezi

Ndugu yangu wa Musoma, umenibana, na nakiri kwamba hili sikulipima. Nilikuwa namfikiria mla nyama choma, nikamsahau msafiri.

Lakini hebu tuzitazame hizo asilimia 20 zako. Kwa betri ya uniti 40, ni uniti 8. Kwenye chaja ya haraka iliyokwisha kubana mlango zitakuchukua kama dakika 40. Kwenye chaja ya polepole ya kilowati 6, ikiwa gari lako linazipokea, ni saa moja na dakika 20. Unapoteza dakika 40, ambazo ni chai na chapati mbili, na gari la nyuma yako linapata chaja nzima. Kwa hiyo nalirekebisha pendekezo: kila penye kabati la haraka ziwekwe na chaja mbili tatu za polepole kando yake, zisizo na tozo ya dakika, na ile tozo ya baada ya asilimia 80 ianze pale tu ambapo kuna gari linalosubiri.

Dereva wa Musoma

Nani atathibitisha kwamba kuna gari linalosubiri? Mashine haina macho.

Mleta mada, Nyegezi

Kijana wa zamu, kama wale wa maegesho, mwenye daftari la foleni. Na saa za usiku, ambapo hakuna kijana wala foleni, tozo izimwe kabisa mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Mchangiaji wa Buzuruga

Kijana wa zamu! Kaka, huyo atampa nafasi anayemfahamu. Mimi bado nipo kwenye dakika.