Kitambaa kilichosahaulika tumboni: tutafute wakili?

Swali: Wakubwa, shikamooni. Dada yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Miezi minne baadaye maumivu yalizidi, akafunguliwa tena kwingine, na ndani kikatolewa kipande cha kitambaa. Je, tumechelewa kudai fidia?

Jibu la kwanza: Poleni sana. Hamjachelewa, kwani ukomo wa madai ya namna hii ni miaka 3. Hata hivyo, hospitali hiyo ni ya umma, hivyo wakili wenu atalazimika kuipa serikali notisi ya siku 90, yaani taarifa ya kusudio la kushtaki, kabla ya kufungua shauri Mahakama Kuu. Tangulizeni faili la matibabu na ripoti ya upasuaji wa pili, kwa sababu bila maoni ya daktari bingwa kuhusu uzembe huo, wakili hodari naye hana pa kushika.

Jibu la pili: Mnaweza pia kulalamika Baraza la Madaktari Tanganyika. Baraza hilo huweza kumwadhibu daktari, lakini fidia hutolewa na mahakama.

Muuliza: Ahsanteni. Tumeambiwa faili limepotea.

Jibu la kwanza: Liombeni kwa barua, nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi. Hata ukimya wao utamfaa wakili.