Naomba ushauri: nataka kukimbia marathoni kuchangia utafiti wa saratani

Wakuu, habari zenu.

Dada yangu alifariki mwaka jana kwa saratani ya titi. Nimeamua kukimbia marathoni, kilomita 42 na ushee, watu wanichangie kwa kila kilomita, na pesa yote iende kwenye utafiti. Mpaka leo nimewahi kukimbia 10 tu, tena nilimaliza nachechemea. Nina miezi sita.

Nilifungua orodha kwenye kundi la familia. Walioandika majina na ahadi ni 19. Waliotoa ni wawili, na mmoja wao ni mimi. Nifanyeje? Na nikiishia njiani, nirudishe pesa za watu?

Mchangiaji 1: Pole sana mkuu. Hiyo ya kwa kila kilomita achana nayo. Niliifanya kwa baiskeli, baada ya mbio nikageuka mdai madeni. Mtu akiniona anavuka barabara! Omba kiasi kimoja, kitolewe kabla hujakimbia.

Mchangiaji 2: Anza na taasisi yenyewe ya utafiti. Wakupe barua na akaunti yao, pesa isipite mfukoni mwako. Mimi nikiona namba ya simu ya mtu binafsi sichangii, hata kama nakufahamu. Na useme wazi kwamba ni utafiti, si matibabu, maana utaulizwa tu "mgonjwa yuko wapi?"

Mchangiaji 3: Kuhusu kuishia njiani: Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Mwaka 1980 akaanza kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu marathoni nzima kila siku. Siku ya 143, akiwa amefikisha kilomita 5,373, ikabidi asimame. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Nchi hakuimaliza, lakini hapo ndipo michango ilipomiminika, ikapita dola milioni 24 za Kanada.

Mchangiaji 1: Sawa, ila yule alifanya mazoezi zaidi ya mwaka. Wewe na hiyo 10 yako ya kuchechemea, kimbia nusu marathoni. Magoti hayachangiwi.

Mwanzisha uzi: Hahaa, nusu basi. Safu ya kilomita nimeshaifuta, na barua naifuata Jumatatu. Yule wa pili aliyetoa ni mama. Jana kaniuliza kama anaruhusiwa kuja nyuma yangu akitembea.