Kongamano la teknolojia ya elimu: mwanafunzi wa ualimu anakwenda kufanya nini kule?

FizikiaIringa aliandika:

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa. Niko mwaka wa pili, ualimu wa Fizikia na Hisabati, Iringa. Mhadhiri wetu katutumia tangazo la kongamano la kimataifa la teknolojia ya elimu, akasema hata wanafunzi tunaweza kuomba. Wenzangu wananikatisha tamaa: hayo ni mambo ya mawaziri na wenye kampuni, mwanafunzi anakwenda kuzurura na kupiga picha tu. Kiingilio chenyewe kinatisha. Nusu ya bumu ingeondoka, na hapo bado nauli na pa kulala.

Mimi si mtu wa kompyuta. Kilichonivuta ni mazoezi ya kufundisha. Nilipewa kidato cha pili, darasa limejaa mpaka mlangoni, maabara ina kufuli lakini ndani hamna kitu, na kishikwambi kimelala kabatini kwa mkuu wa shule. Nilifundisha umeme kwa chaki: betri ya kuchora, waya wa kuchora, taa ya kuchora. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huo umeme unakwenda kwa kasi gani?" na sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kwa aliyewahi kwenda akiwa bado mwanafunzi: ulirudi na kitu gani cha kuingia nacho darasani? Na uliingiaje?

BintiKorogwe alijibu:

Marahaba mdogo wangu. Mimi nilikuwepo kwenye kongamano la eLearning Africa la Mei 2025 ilipofanyika Dar, nikiwa mwaka wa tatu, ualimu wa Hisabati na Jiografia. Nikwambie mapema: nenda, ila usiguse bumu kununua tiketi, na usiende bila swali lako mwenyewe.

Nianze na kuingia, maana ndiko wengi wanakokwama. Mimi na mwenzangu tuliingia kwa ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa mada unayotaka kuwasilisha. Unavikumbuka vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, baadaye vikagawiwa walimu? Tulizunguka shule za karibu na nyumbani wakati wa likizo tukiuliza swali moja tu: mwalimu, kishikwambi chako unakifanyia nini? Wengi walikuwa wanaandalia maazimio ya kazi na maandalio ya somo. Wachache waliwahi kukipeleka darasani, kwa sababu iliyo wazi kabisa: kishikwambi ni kimoja na watoto ni wengi. Tukaandika ukurasa mmoja, mhadhiri akausahihisha, ukakubaliwa. Sasa sikiliza hapa: kwenye makongamano mengi, ikisiri kukubaliwa si kuingia bure. Mtoa mada naye analipa, pengine kwa punguzo. Uliza kabla hujathibitisha. Sisi tulipeleka barua ya kukubaliwa kwenye idara, idara ikalipa. Bila ile barua nadhani wasingetusikiliza.

Kule ndani kuna dunia mbili. Kuna ukumbi mkubwa wa hotuba, na huko wenzako hawajakosea sana, utasikia mengi ambayo si ya ngazi yako. Halafu kuna vyumba vidogo na meza za maonyesho. Huko ndiko kwako. Mwalimu wa kweli anasimama mbele ya watu wachache, anaeleza alichofanya na darasa lake, na ukimuuliza anakujibu, mkitoka anakupa namba yake ya WhatsApp.

Kwenye meza moja nilikuta kiboksi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Ndani yake ni Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, na kadi ya kumbukumbu iliyojaa masomo. Kijana wa mezani akaanza maelezo yake marefu. Nikamwomba achomoe waya ukutani. Akacheka, akachomoa, akakichomeka kwenye pawabenki. Vitaa vikazima, vikawaka tena, tukasubiri kidogo. Bando langu nilikuwa nimelizima makusudi. Simu yangu ikaikamata Wi-Fi ya kile kiboksi, nikafungua programu ya Kolibri kwenye kivinjari, nikachagua Kiswahili, video ya hesabu za sehemu ikacheza bila kukwama hata kidogo. Chini ya video kuna mazoezi. Kisha akanigeuzia upande wa mwalimu: jina la kila mwanafunzi, na swali lililomkwamisha. Hapo nilisimama muda mrefu. Mimi kusahihisha madaftari ya darasa zima kunanichukua jioni nzima, na bado sijui ni nani amekwama wapi. Kolibri ni ya bure, imetengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti, na inawekwa hata kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows. Kiboksi si lazima.

Na kwa huo umeme wako, tafuta PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Aliianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ni maabara za kwenye skrini. Ile ya saketi unaburuta betri, waya, taa, swichi. Ukifunga mzunguko unaziona chembe za umeme zinatembea ndani ya waya, ukiongeza betri zinakimbia. Kifaa cha kupimia mkondo kimo. Ukiunganisha vibaya, betri inawaka moto pale pale kwenye skrini na hakuna anayeungua. Yule mtoto aliyekuuliza kasi, mwonyeshe hiyo, halafu mwambie ukweli kwamba chembe zenyewe kwenye waya halisi zinajongea polepole sana, ila taa inawaka papo hapo kwa sababu waya wote umejaa chembe na zinaanza kusukumana kwa pamoja. Baadhi ya maabara hizo zina tafsiri ya Kiswahili.

Jambo lililonikaa zaidi lakini ni jingine. Katika chumba kimoja mtafiti aliutaja mkoa wangu, Tanga, kama mfano. Alizungumzia shindano la Global Learning XPRIZE: watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Majaribio yalipokwisha mwaka 2019, idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Timu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana ushindi. Nilijisikia fahari, hao ni wadogo zangu. Nikanyoosha mkono nikauliza: betri ya kishikwambi ikichoka, nani kijijini anaibadilisha, na kwa fedha ya nani? Hakuwa mtu wa mradi ule, alikuwa anautolea mfano tu, lakini alinijibu kwa heshima: programu za washindani wote wa fainali ziliachwa wazi, yeyote anaweza kuzichukua na kuziendeleza. Mama mmoja mwalimu aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, programu haichoki. Betri inachoka."

Kuanzia hapo nililibeba swali hilo kwenye kila meza. Umeme ukikatika? Bando likiisha? Mwaka wa pili nani analipa? Wenye kitu cha maana walikaa wakanieleza kwa kalamu na karatasi. Wengine walinipa kipeperushi.

MkufunziMstaafu alijibu:

Binti, umeeleza vyema. Nami nilikuwepo kongamano hilo hilo lilipokuja Dar mara ya kwanza, 2011. Lilikuwa bado changa, lilianzia Addis Ababa 2006. Wakati ule mkonga wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulikuwa umefika pwani yetu Julai 2009, na karibu kila aliyesimama alisema intaneti sasa itashuka bei na shule zote zitaunganishwa. Nilirudi chuoni kwetu nikiwa na matumaini makubwa, nikakuta chumba cha kompyuta hakina hata feni. Mkonga ulifika kweli, lakini kutoka baharini hadi darasani ni safari ndefu, na sehemu ya mwisho ndiyo ghali. Ndiyo maana hiki kiboksi kisichohitaji intaneti nakiheshimu kuliko ahadi nyingi nilizosikia.

Kijana wa Iringa, kama hili la kimataifa litakushinda kwa fedha, usikae bure. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki ya Utafiti na Ubunifu kila mwaka, na kitaifa kuna Wiki ya Ubunifu. Jizoeze kusimama mbele ya watu huko kwanza. Kitu kimoja zaidi: mweleze mkuu wa shule yako kabla hujaenda, si baada. Mkuu aliyeshirikishwa mapema ndiye atakayefungua lile kabati.

MwalimuKitui alijibu:

Salamu kutoka Kenya. Hilo swali la betri sisi tuliliishi. Laptopu za darasa la kwanza ziliahidiwa kwenye kampeni za 2013, zikaja kuwa vishikwambi kuanzia 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa shule za msingi. Jambo moja jema sana lilitokea: shule nyingi za umma ziliunganishwa umeme ili vifaa vipate chaji. Shuleni nilipokuwa vilikaa kwenye chumba chenye vyuma vya dirisha kwa kuogopa wezi. Ufunguo ulikuwa na mtu mmoja. Akihamishwa, au akiugua, hakuna somo. Hakuna kongamano nililoenda lililozungumzia ufunguo, ilhali huo ndio ulioamua kama watoto watajifunza au la.

Kwa hivyo ndugu, ukiandika ikisiri yako, andika kuhusu kabati. Nasema kwa dhati. Watu wa nje hawalijui kabati, na wewe unalijua.

FizikiaIringa aliandika:

Asanteni sana, shikamoo mzee wetu mkufunzi. Dada Binti, hiyo PhET inaingia kwenye kile kishikwambi? Na projekta hatuna.

BintiKorogwe alijibu:

PhET unaweza kupakua maabara moja moja, ni faili dogo, halili bando. Kwenye kompyuta linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Kwenye kishikwambi jaribu nyumbani kwanza, maana vingine vinasumbua kufungua faili la namna hiyo, na usije ukaligundua mbele ya darasa.

Projekta isikuumize kichwa. Gawa makundi, kishikwambi kizunguke, na kila kundi lipewe kazi moja: hawa wawashe taa mbili kwa betri moja, wale watafute kwa nini taa imefifia. Wanaosubiri wachore kwenye daftari wanachotegemea kuona kabla zamu yao haijafika, kisha walinganishe. Mimi nilifanya hivyo kwenye hesabu za sehemu na kelele ilikuwa ya kazi.

Fanya hilo kwenye mazoezi yajayo, andika kilichofanya kazi na kilichogoma, weka na habari za kabati kama alivyosema mwalimu wa Kitui. Hiyo ndiyo ikisiri yako. Ukimaliza rasimu niletee kwenye ujumbe wa faragha nikusomee kabla hujaituma.