Harusi ya wanawake wawili kando ya ziwa Ullswater: nyaraka, mashua, pilau na hina

Mwana wa Mambrui:
Asalam alaikum jamaa. Binamu yangu, mzaliwa wa Malindi, anaishi Preston, Uingereza, kwa viza ya kazi. Yeye na mchumba wake, mwanamke Mwingereza, wameamua kuoana mwezi wa sita mwakani kwenye shamba lenye ukumbi kando ya ziwa Ullswater, kule Cumbria. Wageni ni 60, wanane kati yao watoka huku kwetu. Mimi nimekabidhiwa upande wa Pwani: chakula, hina na safari ya hao wanane.

Nataka kujua nyaraka zaanza lini na zapelekwa wapi. Pili, maharusi wanatamani wafungishwe ndoa ndani ya mashua katikati ya ziwa, yawezekana? Tatu, pilau ya watu 60 yapikwaje mahali kama pale? Na hao wanane wakirudi Malindi, wajilinde vipi? Naomba majibu ya kazi. Hukumu nimezisikia za kutosha.

Karani wa Ndoa:
Wa alaikum salaam. Anza na ilani ya ndoa, yaani taarifa rasmi ya kutaka kuoana, kabla hata ya kulipia ukumbi.

Ndoa za jinsia moja zafungishwa England na Wales tangu 29 Machi 2014, kwa sheria iliyopitishwa 2013, na njia yake ni ileile ya mume na mke. Lakini kwa kuwa binamu yako si raia wa kule, yeye na mwenzake lazima waende pamoja kutoa ilani, kila mmoja kwa kinywa chake, katika ofisi ya usajili ya eneo wanaloishi. Preston ni Lancashire, kwa hiyo ilani watatoa Lancashire, hata kama harusi yenyewe iko Cumbria. Watu wengi hufunga safari hadi ofisi ya kule kwenye ziwa wakarudishwa. Lazima wawe wameishi katika eneo hilo siku 7 kamili kabla ya kutoa ilani.

Wachukue pasipoti, uthibitisho wa viza, karatasi ya anwani ya karibuni (taarifa ya benki au bili), na kama yupo aliyewahi kuolewa, hati halisi ya talaka. Ada ni pauni 42 kwa kila mtu, au 57 wanapoangukia kundi la wasio na ukaazi wa kudumu. Mtu akiwaambia waende Sheria House, Nairobi, wakatafute cheti cha kuthibitisha hakuna kizuizi cha ndoa, anachanganya na Scotland. England haikitaki, na binamu yako hana sababu ya kwenda kujieleza kwenye dirisha la ofisi ya huku.

Kisha ni kusubiri siku 28. Wizara ya Mambo ya Ndani ya kule ina uwezo wa kuzirefusha hadi 70 ikitaka kuchunguza kama ndoa ni ya kweli. Kwa sababu hiyo watoe ilani miezi mitano au sita kabla. Ilani yadumu miezi 12, hawatapoteza kitu. Angalizo kubwa: ilani yataja ukumbi kwa jina. Wakibadilisha ukumbi, ilani ile haifai tena. Walipa upya na siku zahesabiwa upya. Na wajue kwamba majina yao hubandikwa hadharani pale ofisini kwa siku hizo 28. Si gazetini, lakini Preston kuna watu wa Pwani pia.

Kulipa amana ya ukumbi hakumleti msajili, yule afisa wa serikali anayefungisha ndoa. Huyo huagizwa kando, kwenye halmashauri ya Westmorland and Furness, ndiyo yenye Ullswater tangu Cumbria ilipogawanywa Aprili 2023. Jumamosi za mwezi wa sita ndizo huisha mwanzo, basi wapate saa ya msajili kwanza, halafu wasaini mkataba wa ukumbi.

Mashua haiwezekani. Sheria yataka jengo lisilohama lililoidhinishwa, au chombo kilichofungwa gati daima. Chombo kinachoelea na kwenda hakihesabiwi, hata kiwe kikubwa namna gani. Ila tangu 2021 yaruhusiwa nje, kwenye viwanja vya ukumbi ulioidhinishwa. Kama nyasi za ukumbi zafika ufukweni, wasimame hapo, watamke maneno ya sheria na kusaini mbele ya mashahidi wawili, kisha wapande mashua wakavishane pete majini. Pete si sehemu ya sheria.

Maneno ya sheria hutamkwa kwa Kiingereza. Viapo vya Kiswahili viongezwe baada yake. Dua, kisomo na nyimbo za dini haziingii katika ndoa ya serikali, na msajili ana haki ya kukatiza. Anayetaka kuwaombea angoje wasajili waondoke. Kanisa la Uingereza halifungishi ndoa hizi, limezuiwa na sheria hiyohiyo. Madhehebu ya Waquaker na Waunitaria wafungisha, na Wamethodisti tangu 2021 pale usharika unapokubali.

Jambo la mwisho kwangu: siku hizi cheti hakitolewi papo hapo. Wasaini hati, ofisi yaingiza kwenye mfumo, cheti chafuata. Kina nafasi ya majina ya mama na baba, lakini si lazima kuijaza. Kama mama yuko Malindi na hajaambiwa, nafasi iachwe wazi.

Sufuria Kubwa (Lamu):
Kabla ya pilau, tikiti. Watu hulisikia Windermere kwa kuwa ndilo ziwa lenye jina, wakakata treni ya Windermere, kisha wakajikuta upande wa pili wa mlima, njia ya Kirkstone Pass ikiwa katikati. Kituo cha Ullswater ni Penrith. Kutoka uwanja wa ndege wa Manchester kuna treni zinazofika Penrith moja kwa moja. Basi dogo la watu 16 lakodiwe Penrith; basi kubwa lile la watalii usiliite kabla hujauliza ukumbi kama lapita kwenye kijia chao.

Chakula sasa. Wewe utaingia kwa viza ya mgeni, na viza hiyo hairuhusu kazi. Usilipwe, usijitangaze kama mpishi, usibebe kadi za biashara. Karamu ipikwe na kampuni ya kule yenye bima na cheti cha usafi, ukumbi utavidai vyote viwili. Wewe wape kipimo na usimame karibu kama jamaa yeyote wa bi harusi.

Kipimo cha watu 60 wenye vyakula vingine mezani: mchele wa basmati kilo 8, nyama kilo 8 pamoja na mifupa, viazi kilo 4, vitunguu kilo 3. Mbuzi kule ni ghali na hapatikani kila bucha. Mwanakondoo atafaa, ila ana mafuta mengi, kwa hiyo mafuta ya kukaangia yapunguze kwa theluthi. Nyama ya halali iagizwe Preston au Blackburn wiki moja kabla, isafirishwe ikiwa imegandishwa. Vijiji vya ziwani usivitegemee.

Usipike kilo 8 kwenye sufuria moja. Chini kutaungua na juu kutabaki kiini. Gawa kilo nne nne. Na kadiri sufuria inavyokuwa kubwa, ndivyo maji yanavyopungua kwa uwiano, kwa kuwa mvuke unaopotea ni kidogo: supu vikombe sita kwa vikombe vinne vya mchele yatosha kwa basmati iliyorowekwa nusu saa. Mpishi aliyezoea vikombe viwili kwa kimoja atatoa ubwabwa.

Kupalia makaa juu ya kifuniko wasahau, karibu kumbi zote zakataza makaa karibu na jengo la kale. Pilau ikishakauka supu, ihamishiwe kwenye trei za chuma, ifunikwe foili na iingizwe oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 25. Yatoka imechambuka punje kwa punje. Ikisubiri wageni isishuke chini ya nyuzi 63, ndiyo kanuni ya kule, na wali uliopoa ovyo huumiza matumbo kuliko nyama.

Kama watapikia nje, mtungi uwe mwekundu, wa propani. Ule wa bluu ni wa butani, nayo hushindwa kugeuka gesi baridi ikizidi; mwezi wa sita alfajiri yafika nyuzi 8 au 9, na mtungi ukitumika kwa nguvu hujipoza wenyewe, moto wanyong'onyea katikati ya mapishi. Hema la kupikia liwe na paa, pande ziwe wazi. Cumbria ndiko kuna Seathwaite, kijiji chenye mvua nyingi kuliko vyote vinavyokaliwa England, kiasi cha milimita 3,500 kwa mwaka. Mpango wa mvua ndio mpango wenyewe.

Na jua: mwezi wa sita latua karibu saa tatu na dakika 45 usiku. Taa za mapambo hazitaonekana kabla ya hapo, pesa zake ziende kwenye hema. Wanaoswali wajue Magharibi yao ni saa hiyo, watengewe chumba. Ufukweni jioni pasipo upepo kuna visubi, wawekewe dawa ya kujipaka.

Hina ya Langoni:
Sufuria Kubwa kasema vyema. Mimi naongeza ya upambaji.

Hina ipakwe siku mbili kabla, isiwe usiku wa kuamkia harusi. Rangi yake hukomaa baina ya saa 24 na 48, na kwenye baridi hukawia zaidi. Maharusi wakae na hina saa sita angalau, chumba kiwe na joto, ikikauka ipanguswe bila maji. Piko nyeusi msiibebe. Ile ni dawa ya nywele, ina PPD, kemikali ya kutia weusi, na kuipaka kwenye ngozi kule ni kinyume cha sheria. Mtu aweza kuota malengelenge kufuata kila ua ulilochora, na alama zikabaki. Hata hina asilia mjaribuni kwa tone moja ndani ya kiwiko siku tatu kabla.

Asumini na mkadi mabichi msitie begini. Mimea kutoka Kenya yahitaji cheti cha afya ya mimea. Nyama, maziwa na samli pia ni marufuku. Bizari, iliki na mdalasini vikavu havina tabu. Vikuba vitungwe kule kwa asumini za duka la maua, ziagizwe mapema kwa sababu huuzwa zaidi zikiwa kwenye chungu.

Chetezo kifukizwe nje. Kumbi zile zina ving'ora vya moshi vilivyounganishwa jengo zima; ubani wa chumba kimoja watoa wageni wote kwenye mvua.

Mwana wa Mambrui:
Mungu awazidishie. Limebaki la wale wanane.

Sheria na Pwani:
Katiba yetu, kifungu cha 45(2), na Sheria ya Ndoa ya 2014 zatambua ndoa ya mume na mke tu. Kwa hiyo cheti kile hakitafanya kazi Kenya, si hospitalini, si kwenye mirathi. Maharusi waandike wosia kule. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta 24 Mei 2019. Lakini hivyo vyahusu vitendo. Kuhudhuria karamu ya ndugu Uingereza hakumo. Hatari ya hao wanane ni picha moja kufika mtaani.

Viza waombe mapema, yaani miezi mitatu kabla ya safari, ambayo ndiyo nafasi ya kwanza inayoruhusiwa. Alama za vidole hutolewa kwenye kituo cha viza, na majibu kwa kawaida ni wiki tatu. Barua ya mwaliko iseme kweli, kwa kuwa uongo kwenye fomu huleta katazo la miaka. Ila isichapishwe saiba ya mtaani. Ikibidi, ifunguliwe kutoka simu, ichapishwe, kisha faili ifutwe kwenye kompyuta na kwenye pipa lake la taka.

Mkataba wa mpiga picha uandike wazi kwamba hakuna picha itakayowekwa kwenye tovuti yake wala mitandao bila idhini ya kila anayeonekana. Kumbi nyingi nazo hupenda kutangaza harusi zao, kifungu hichohicho kiingizwe kule. Matangazo ya moja kwa moja yakataliwe. Picha ya pamoja ipigwe mara mbili, ya kwanza na wanane wakiwemo, ibaki kwa maharusi. Ya pili bila wao, hiyo ndiyo ya kusambazwa. Wanane wavae utepe wa rangi moja mkononi, ili mpiga picha asiwaulize kila mara mbele za watu.

Kwenye simu zao wazime WhatsApp kuhifadhi picha zenyewe kwenye galari, na wafanye hivyo kabla ya kuondoka Malindi, maana simu nyingi nyumbani hushikwa na watoto.