Mjadala: Mtoto wa Kikristo avae mavazi ya Halloween?

Baba Wawili: Wadau, shule ya wanangu huku Minnesota imetangaza kuwa Oktoba 31 watoto waje na mavazi ya kutisha. Wangu hawaendi. Halloween ni ibada ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, ya kuabudu kifo, nasi tunainunulia pipi! Na yale maboga je? Chakula kinachongwa sura kiwe taa, wiki haijaisha kiko jalalani.

Mama Derry: Jalalani kwa nani, kaka? Mimi boga nalitia nazi na iliki, mbegu naziosha, naanika, nakaanga na chumvi. Usitutukane.

Mkweli Daima: Dada, boga la kuchonga ni maji na nyuzi tupu. Ukilipika unapata uji.

Mama Derry: Kwa sababu hulikamui kwanza!

Mwalimu Mstaafu: Turudi kwenye hoja. Samhain, sikukuu ya Wakelti inayotajwa kuwa asili ya Halloween, huko Ayalandi ilifungua majira ya baridi: mifugo imesharudi kutoka malisho ya kiangazi, mioto inawashwa, na hadithi zao zinasema usiku ule vilima vya kale hufunguka, wakazi wake, viumbe wa ajabu, wakatoka. Waliotuandikia hayo ni watawa wa Kikristo, karne nyingi baadaye. Hiyo "kuabudu kifo" umeitoa wapi, Baba Wawili? Novemba 1 ya Watakatifu Wote, ambayo Halloween ni mkesha wake, ni ya Kanisa, kwa Wafranki (dola kubwa ya Ulaya Magharibi wakati huo) tangu 835, enzi za Papa Gregory IV. Kuwaombea marehemu Novemba 2 nako ni kwa Kanisa.

Baba Wawili: Kwa hiyo mafuvu ya plastiki kayaleta Papa? Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo hapana.

Mkweli Daima: Boga lenyewe ni la Marekani. Kwao Ayalandi walichonga tanipu, ule mzizi mgumu. Makumbusho ya Mayo, huko huko Ayalandi, yana nakala ya plasta ya taa moja ya tanipu kutoka jimbo la Donegal, ina uso na meno; ukiiona, boga utaliona malaika. Wahamiaji wa karne ya 19 walipofika Marekani wakakuta boga, kubwa na laini, wakaachana na tanipu.

Mama Derry: Hapa Derry, Ayalandi Kaskazini, hata watu wazima wanajaa mitaani na mavazi yao. Nyumbani tunakata barmbrack, mkate wa zabibu wenye pete ndani. Akiipata binti, ndoa i karibu. Shetani simwoni.

Baba Wawili: Pete ya kutabiri ndoa ni ramli! Umejimaliza mwenyewe, dada.

Mama Derry: Na lile ua la bibi harusi mnalogombania ukumbini, eti alidakaye ndiye ataolewa, mchungaji akipiga makofi?

Mkweli Daima: Hilo ua ndilo lingepigwa marufuku kwanza. Mwaka jana watu waliangushana.