Kweli bendi za zamani za sinthesaiza ndizo zilizozaa pop ya leo?

msikilizaji_mpya
Wakuu, salaam. Kila nikisifia "Blinding Lights" ya The Weeknd (2019), kaka yangu huniambia hapo hakuna jipya, yote yalifanywa kwa sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki kinachotengeneza sauti) na Kraftwerk wa Ujerumani, na Gary Numan na Human League wa Uingereza. Nimezisikiliza Kraftwerk. Nimekuta nyimbo ndefu, za baridi, sauti kama roboti. Undugu uko wapi hasa?

kaseti_kuukuu
Undugu mwingine umeandikwa kabisa, mkuu. "SOS" ya Rihanna (2006) imejengwa juu ya sampo (kipande cha rekodi kilichochukuliwa) ya "Tainted Love" ya Soft Cell (1981). Sugababes walishika namba moja Uingereza mwaka 2002 kwa "Freak Like Me", na muziki wa chini yake ni wa Gary Numan wa 1979. Coldplay nao waliomba ruhusa ya Kraftwerk kutumia melodi ya "Computer Love" kwenye "Talk" (2005).

fundi_biti
Hayo ni kweli, ila sampo ni sehemu ndogo tu ya urithi. Mimi hutengeneza biti, na kila nikifungua programu naona mikono ya wale watu.

Sinthesaiza ya Minimoog ya 1970 ilitoa noti moja tu kwa wakati. Kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, hupati. Sikwensa za wakati ule, yaani vifaa vya kupiga noti zilizopangwa, nazo zilishika hatua chache, kisha zinarudi mwanzo. Sasa ukiwa na kifaa cha namna hiyo utafanya nini? Unatunga mstari wa besi mfupi, unauacha uzunguke, halafu unatafuta namna ya kuufanya usichoshe. Unafungua filta, chujio la sauti, taratibu, sauti inang'aa. Unaongeza tabaka, unaliondoa. Wimbo unasafiri kwa rangi ya sauti, kodi zikiwa karibu palepale. Pop ya sasa inaishi hivyo hivyo.

Chukua "I Feel Love" ya Donna Summer (1977), kazi ya Giorgio Moroder na Pete Bellotte mjini Munich. Ivalie hedifoni. Kila noti ya besi inapigwa upande mmoja, mwangwi wake unaijibu upande wa pili, ndiyo maana unasikia noti za mbio kuliko zilizopigwa kweli. Juu yake sauti ya Donna inaelea bila haraka yoyote. Na ile ngoma kubwa ya chini alipiga binadamu, Keith Forsey, kwa sababu sinthesaiza ya Moog haikuweza kutoa pigo lenye uzito uliotakiwa. Kwangu huu ndio wimbo muhimu kuliko wote katika hadithi hii, hata kuliko za Kraftwerk.

Human League wao walileta watu wa kawaida ndani ya mashine. Albamu yao *Dare* (1981) ngoma zake ni za mashine ya ngoma ya Linn LM-1, lakini "Don't You Want Me" ni ugomvi wa mwanamume na mwanamke walioachana, kila mmoja anatoa upande wake.

808_daima
Fundi, umewaruka Wamarekani weusi na Wajapani! "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force (1982) ilichukua melodi ya "Trans-Europe Express" ya Kraftwerk ikaiweka juu ya mashine ya ngoma ya Roland TR-808. Kule Detroit, Juan Atkins alikuwa akisikiliza Kraftwerk hao hao, ikazaliwa tekno, muziki wa dansi wa mashine. Na Yellow Magic Orchestra wa Tokyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia 808 ilipotoka mwaka 1980. Ile besi ndefu ya trap, mtindo wa hip hop, ni ngoma ya 808 iliyorefushwa.

fundi_biti
Nakubali kabisa, mkuu. Bila "Planet Rock" urithi huu ungebaki Ulaya. Ongeza na MIDI ya 1983, mfumo wa vifaa vya muziki kuwasiliana: kabla yake sinthesaiza za kampuni tofauti zilikuwa hazielewani kwa urahisi, na hadi leo ndiyo lugha ya kila programu ya muziki.

Msikilizaji, kuhusu ubaridi: rudi kwenye "Computer Love" yenyewe, toleo la 1981, dakika 7 na zaidi. Ni mtu mpweke usiku, macho kwenye runinga, anatamani wa kukutana naye. Usiikatishe maneno yakiisha. Melodi inaendelea peke yake kwa dakika kadhaa, na uchungu wote uko humo.